Kuchomea enameli kwenye shaba nyumbani: vifaa gani, poda gani, na kwa nini inapasuka?

shanga_na_shaba

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaoijua enameli ya moto. Siongelei epoksi ya kuchanganya wala rangi ya kucha. Naongelea poda ya kioo inayoyeyushwa juu ya shaba nyekundu mpaka ishike, ile ile inayokaa kwenye vikombe na sahani za enameli.

Nataka kutengeneza hereni na vidani vya mviringo, kipenyo sentimita 2.5 hivi. Nipo Dar, nimepanga, nina kibaraza cha nyuma chenye hewa. Msumeno wa sonara, tupa, vibano na nyundo ninavyo, na mtungi wa gesi wa kilo 6 upo. Tanuru la umeme sina.

Kabla sijatoa hela nataka kujua: tochi ya gesi inatosha, au bila tanuru ni kazi bure? Shaba iwe ya unene gani, na huku inapatikana wapi? Chupa za soda zikisagwa zinafaa badala ya poda ya kuagiza? Na linalonisumbua zaidi: video nyingi zinaonyesha kipande kinatoka motoni kizuri kabisa, halafu kikipoa kinajaa nyufa. Kiini chake ni nini na kinazuilika vipi?

---

fundi_kibano

Mkuu, nianze na hilo la mwisho, maana ukilielewa, nusu ya maswali mengine yanajijibu.

Shaba ikipashwa moto hutanuka, ikipoa husinyaa. Kioo nacho hivyo hivyo ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa kila digrii moja ya joto shaba hubadilika urefu kwa takriban sehemu 17 katika milioni. Kioo cha chupa au cha dirisha ni kama 9. Enameli ya vito hutungwa makusudi isogelee kipimo cha shaba, ikae chini yake kidogo, ili kipande kikipoa shaba iibane enameli kwa kadiri. Kioo huvumilia kubanwa, hakivumilii kuvutwa. Ukipaka upande mmoja tu, shaba inasinyaa kuliko kioo, bamba linabinuka, na ule mbinuko ndio unaovuta uso wa enameli hadi upasuke. Wakati mwingine hupasuka mbele ya macho yako na unasikia "tik, tik". Wakati mwingine unamkabidhi mteja, kesho yake kimebanduka.

Kwa hiyo mgongo nao lazima upakwe, na unene wake ukaribiane na wa usoni. Wapo wanaoruka hatua hii kwa vipande vidogo vilivyobonyezwa kama kibakuli, na kweli mbonyeo husaidia, lakini kwa bamba bapa la sentimita 2.5 usijaribu.

Unene wa shaba: kwa hereni milimita 0.6 hadi 0.8, kwa kidani 0.8 hadi 1. Chini ya nusu milimita kipande kinajikunja motoni. Hesabu uzito pia: duara la sentimita 2.5 kwa unene wa 0.8 lina kama gramu 3.5 za shaba, na enameli ya pande mbili huongeza kama gramu moja. Sikio linabeba hilo. Ukipanda hadi sentimita 3.5 kwa unene ule ule, shaba peke yake inakaribia gramu 7, na hapo wengi huanza kulalamika.

Sasa kazi yenyewe.

Kata, piga tupa ukingo, toboa tundu la milimita 1.5 hadi 2. Tundu litobolewe kabla ya enameli na liwe angalau milimita 2 kutoka ukingoni. Kisha pasha bamba hadi liwe jekundu hafifu, lizamishe kwenye maji. Hapo shaba imelainika na mafuta yameungua. Ukitaka mbonyeo, ubonyeze sasa hivi.

Shaba itatoka na ngozi nyeusi. Iondoe kwa asidi ya sitriki: gramu 50 katika nusu lita ya maji ya moto, dakika 10 hadi 20, kwenye chombo cha kioo au plastiki ambacho hakitarudi jikoni tena. Usitumbukize kibano cha chuma humo. Tumia cha mbao, plastiki au shaba. Chuma kikiingia, shaba iliyoyeyuka kwenye asidi hurudi kujipaka juu ya kazi yako. Suuza, sugua kwa brashi na unga wa pumisi au msasa laini wa 400 chini ya bomba. Baada ya hapo kishike ukingoni tu, kwa kibano.

Kipimo cha usafi ni maji. Mwagia kipande: maji yakitanda uso mzima kama utando mmoja, ni safi. Yakijikusanya matone, kuna mafuta, rudia. Sehemu kubwa ya vishimo na mapovu ya wanaoanza inatoka kwenye hatua hii wanayoipitia mbio.

Anza na mgongo. Nyunyiza gundi nyepesi, chekecha poda ukianzia ukingoni ukielekea katikati, maana ukingo ndio unaobaki mwembamba kila mara. Tabaka liwe la kufunika shaba isionekane, si zaidi. Chomoa poda kwenye tundu kwa sindano. Acha ikauke kabisa. Weka karibu na moto hadi mvuke uishe. Poda yenye unyevu ikikutana na moto mkali, mvuke unairusha na unabaki na madoa ya shaba tupu.

Choma. Utaona hatua tatu: poda inakuwa nyeusi na kushikamana kama sukari iliyolowa, kisha uso unakuwa na mabonde kama ganda la chungwa, mwisho unatulia na kung'aa kama maji. Hapo ondoa moto. Kwa tabaka la mgongo waweza kusimama kwenye ganda la chungwa, maana litachomwa tena na tena ukishughulikia uso.

Kipoe taratibu juu ya tofali, mbali na upepo na feni. Kikishapoa, uso wa mbele utakuwa na magamba meusi: asidi tena, sugua tena, kipimo cha maji tena. Halafu paka uso, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ichomwe peke yake. Tabaka moja nene ni kukaribisha nyufa na mapovu.

---

kopa254

Kuhusu shaba ya kununua: uliza mafundi wa AC na friji. Wana mabaki ya bomba la kopa ambayo wanauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bomba la inchi tano kwa nane lina ukuta wa kama milimita 0.8 hadi 1. Lichane kwa msumeno kwa urefu, lipashe hadi jekundu, lizamishe majini, lifungue kwa mikono, kisha lilaze kwa nyundo ya mbao au ya mpira juu ya chuma bapa. Unapata ukanda wa upana wa karibu milimita 47. Ukianza kuwa mgumu tena chini ya nyundo, upashe tena. Usilazimishe, utabaki na alama za nyundo ambazo zitaonekana chini ya enameli angavu, ile inayopitisha mwanga.

Jihadharini na shaba ya njano. Ina zinki, na zinki huchemka kwenye digrii 907 za Selsiasi. Hata kabla ya hapo inatoa mvuke unaoleta mapovu chini ya kioo na kukibandua, na mvuke huo haufai kuvutwa. Piga tupa kona moja: rangi ya waridi ndiyo unayotaka, rangi ya dhahabu irudishe. Angalia pia vitu vilivyopakwa shaba juu ya chuma, sumaku itakuambia.

Wavu wa kuwekea kazi: USITUMIE waya wa kuku. Umepakwa zinki, na juu ya moto wa tochi unatoa moshi ule ule. Tafuta wavu wa chuma kisichoshika kutu.

Waya za kupinda na kutundika, chukua waya wa nyumba wa kopa wa 2.5 (yaani milimita za mraba), ule wa uzi mmoja, una kipenyo cha karibu milimita 1.8, wa 1.5 una 1.4. Menya plastiki kwa kisu. Kuichoma ili itoke ni kuvuta sumu, na majirani nao wanaivuta.

Na chupa: watu wanajaribu sana hili. Kioo cha chupa kinayeyuka na kitashika kopa kwa macho. Lakini angalia zile namba za fundi hapo juu, 17 na 9. Tofauti ni kubwa mno. Kwa tone dogo kwenye ncha ya waya huenda kikatulia. Kwa bamba la sentimita 2.5 kitaruka vipande, pengine baada ya siku kadhaa, na vipande vya kioo karibu na shingo ya mtu si jambo la kujaribu. Agiza poda.

---

TanuruNdogo

Niongezee kwenye tochi dhidi ya tanuru, kwa sababu jibu linategemea rangi unazotaka.

Rangi nzito zisizopitisha mwanga, kama nyeupe, nyeusi, buluu bahari na kijani cha majani, zinafanyika vizuri kwa tochi. Kipande kinakaa juu ya wavu kwenye kiweko cha miguu mitatu, na moto unatoka CHINI. Ncha ya koni ya buluu iwe kama sentimita 2 chini ya wavu, na uizungushe muda wote. Ukielekeza moto juu ya poda, kwanza unaipeperusha, pili gesi isiyoungua vizuri inakula oksijeni iliyo kwenye rangi. Feruzi ndiyo inayoumia zaidi: inageuka hudhurungi chafu au nyekundu ya tofali, kwa sababu shaba iliyomo ndani yake inanyang'anywa oksijeni. Moto uwe mkali na wa buluu, usiwe na ncha ya njano.

Kwa duara la sentimita 2.5 lenye unene wa 0.8, tochi nzuri inamaliza tabaka kwa dakika moja na nusu hadi tatu. Ikizidi dakika tano na bado uko kwenye ganda la chungwa, tochi yako ni ndogo. Vitochi vya jikoni vinavyojazwa gesi ya kiberiti vinatosha kwa kitu cha sentimita 1.5, zaidi ya hapo vinachoka.

Kuhusu mtungi wako wa kilo 6: regulata ya jiko la nyumbani inatoa shinikizo dogo sana, halilishi tochi ya maana. Inahitajika regulata ya shinikizo kubwa na mpira wake maalumu, uliofungwa kwa vibano vya chuma. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungio kabla ya kuwasha. Mtungi ukae mita mbili nyuma yako, usiwe chini ya meza ya kazi.

Rangi angavu zinazopitisha mwanga ndizo zinazodai tanuru. Kwa tochi zinatoka na mawingu, maana joto halilingani. Tanuru dogo la kilowati 1.5 linavuta kama ampea 6.5 kwenye umeme wetu wa 230, plagi ya kawaida inabeba. Weka digrii 800 hadi 820, ingiza kipande kikiwa kikavu, dakika mbili, chungulia. Mlango ukifunguliwa joto linashuka kwa kasi, kwa hiyo hesabu muda kuanzia lilipoanza kupanda tena. Ukinunua tanuru lisilo na kipimajoto, nunua kipimajoto cha waya cha aina ya K ukiingize kwenye tundu la nyuma. Kukisia kwa jicho kunawezekana gizani tu: nyekundu iliyokolea ni karibu 750, ukiona machungwa inayong'ara umeshapita 850.

Nisikilize kwa hili: usinunue tanuru sasa. Tochi, poda nyeupe, nyeusi na buluu, na shaba ya kutosha. Ukishaweza kutoa vipande kumi mfululizo bila kishimo, ndipo tanuru litakuwa na faida.

---

shanga_na_shaba

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Bado nina haya: gundi gani, na chekecheo gani? Chujio la chai linafaa? Poda niagize ya kipimo gani? Na nyekundu, kila ninapoangalia kazi za watu naona nyekundu zao zina ukingo mweusi. Ni poda mbaya?

---

fundi_kibano

Chujio la chai lina matundu makubwa, poda itaanguka kwa mafungu. Poda ya kawaida ya kuchekecha imepita kwenye wavu wa nyuzi 80 kwa inchi, tundu la karibu milimita 0.18. Nenda kwa wachapaji wa fulana uombe kipande cha kitambaa cha skrini cha nyuzi 32 kwa sentimita; ni kipimo kile kile. Watataka kukupa cha 43 kwa kuwa ndicho kilichojaa dukani, lakini hicho kinazuia chembe kubwa na utabaki unachekecha vumbi tupu. Kivute juu ya kipande cha bomba la PVC cha inchi moja na nusu, ukibane kwa mpira. Tengeneza viwili au vitatu, kila kundi la rangi na chake. Chembe chache za nyeusi zikiingia kwenye nyeupe zinaonekana kwa mbali.

Gundi: CMC, ile ya wapamba keki. Gramu 1 katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, acha usiku kucha iyeyuke, tia kwenye chupa ya kupulizia inayotoa ukungu mwembamba. Ikiwa nzito zaidi ya hapo inaacha mapovu. Maji yaliyotoneshwa ni yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, lakini SOMA CHUPA. Duka lile lile linauza asidi ya betri, na chupa zinafanana.

Poda: agiza iliyoandikwa kwamba ni ya shaba, fedha na dhahabu. Ya sufuria na vigae haifai, kioo chake kimetungwa kwa kitu kingine. Wanaotengeneza ni wachache duniani. Thompson ya Marekani inauza za nyuzi 80 zisizo na risasi (ile metali yenye sumu), na Soyer wako Limoges, Ufaransa, mji wenye jina la enameli tangu zama za kati. Poda za zamani zinazouzwa mtandaoni bila maelezo mara nyingi zina risasi, ziache. Gramu 50 za kila rangi zinatosha kuanzia, kwa sababu tabaka moja kwenye duara lako linabakiza kama robo gramu hadi nusu gramu tu. Chekechea juu ya karatasi safi na urudishe iliyomwagika kwenye chupa yake. Iliyochanganyika iweke kando, hiyo ndiyo poda ya mgongo.

Nyekundu. Poda si mbaya, muda ndio mbaya. Nyekundu na machungwa nzito hupata rangi yake kutoka kadimiamu na seleniamu, na hizo huungua zikizidishiwa moto. Ukingo ni mwembamba na unapata joto kwanza, kwa hiyo ndio unaoanza kuwa mweusi. Mambo matatu: weka kwanza tabaka la rangi nyingine chini yake, nyekundu isiguse shaba, ichome ya mwisho kabisa, moto wake uwe wa chini, kama 760 hadi 780 kwenye tanuru, na utoe mara tu inapong'aa. Ikiwa nyeusi motoni usiogope, nyekundu huonekana nyeusi ikiwa moto na hurudi ikipoa. Ikipoa bado nyeusi, basi imekwenda.

Mpangilio huu wa kuanza na rangi ngumu, zinazostahimili moto, na kumaliza na nyekundu ni wa zamani. Mafundi wa minakari (enameli ya Kihindi) wa Jaipur, India, huutumia kwenye dhahabu: nyeupe inatangulia, nyekundu inafunga kazi.

Nyekundu angavu juu ya shaba tupu sahau kwanza, inatoka rangi ya kahawa. Rangi angavu nyingi zinataka tabaka la enameli isiyo na rangi chini yake, iliyochomwa kwa moto mkali kiasi, hadi 840, mpaka shaba ionekane ya dhahabu kupitia kioo.

---

kopa254

Kabla hujagusa mabamba, fanya zoezi la waya, linafundisha joto kuliko maelezo yetu yote. Kata waya wa 1.5 wa sentimita 6. Ushike wima kwa kibano, ncha ikiwa chini, uipige tochi hadi iyeyuke na kujikusanya kuwa kitone cha milimita 3. Uweke kwenye asidi, usuuze, ukaushe. Pasha kitone tena hadi chekundu, kichovye kwenye poda, kirudishe motoni kizunguke hadi king'ae. Choveza mara mbili au tatu. Una pini ya hereni tayari, poda iliyotumika ni kiduchu, na mgongo hauhitajiki kwa sababu kioo kimezunguka pande zote.

Tofauti na bamba, hapa kitone kinaweza kuingia kwenye moto wenyewe, ila karibu na ncha ya nje ya moto, si kwenye koni.

---

mama_vipuli

Mmesahau afya na umaliziaji, na hivyo ndivyo vinavyofanya mtu aendelee au aache.

Poda ya kioo isivutwe. Barakoa ya vumbi ya N95, si ya kitambaa, unapochekecha na unapofuta meza. Meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe. Zima feni. Hata isiyo na risasi ina kadimiamu kwenye nyekundu, njano na machungwa, kwa hiyo hakuna kula hapo, na watoto wakae mbali. Nguo za pamba. Kitambaa cha nailoni au poliesta kikirukiwa na gamba la moto kinayeyukia kwenye ngozi. Miwani ya kinga wakati wote, maana magamba meusi ya shaba yanaruka yakipoa. Hayo magamba pia ndiyo yale madoa meusi unayoyaona kwenye nyeupe: yametoka ukingoni au kwenye kiweko. Piga wavu brashi ya waya kila baada ya kuchoma.

Kusoma makosa ni hivi. Vishimo vidogo vyenye mdomo: uchafu, unyevu, au umetoa mapema. Enameli imejikusanya na kuacha shaba wazi: mafuta, au poda nene yenye gundi nyingi iliyopasuka ikikauka. Nyeupe yenye ukingo wa kijani: imekuwa nyembamba na shaba imeyeyukia ndani yake, ongeza tabaka. Mawingu kwenye rangi angavu: vumbi laini halikuoshwa. Poda ya rangi angavu hutiwa maji yaliyotoneshwa, hukorogwa, huachwa nusu dakika, maji ya maziwa humwagwa, na hurudiwa hadi maji yabaki safi yasiyo na ukungu. Maji hayo hayamwagwi sinkini, acha yatulie kwenye ndoo na utupe tope kavu.

Nyufa zilizoshatokea zinatibika. Kama mgongo haukupakwa, upake sasa, kisha choma upya hadi uso ung'ae tena, ufa unajifunga. Usijaribu kujaza ufa kwa gundi. Kama kipande hakitibiki, kipashe hadi chekundu na kizamishe kwenye ndoo ya maji: kioo kitaruka kwa sehemu kubwa na shaba utaitumia tena. Miwani, na mkono mrefu wa kibano.

Kumalizia: ukingo usugue kwa jiwe la almasi au msasa wa 220, kisha 400, kisha 600, daima ndani ya maji. Ukikwangua kikavu unazalisha vumbi na unachimbua kioo. Ukingo wa shaba upake nta, la sivyo utaacha kijani shingoni. Ndoana za hereni chukua za fedha. Nikeli inawasha masikio ya wengi. Pete za kuunganishia zifungue kwa kuzipinda kando, usizivute wazi, na usikandamize koleo juu ya enameli karibu na tundu. Vipande vingi vizuri hufia hapo, dakika ya mwisho.

---

shanga_na_shaba

Swali moja la mwisho: nina kipande cha fedha ya 925. Naweza kuanzia hapo badala ya shaba?

---

TanuruNdogo

Anza na shaba. Fedha ya 925 ina asilimia 7.5 ya shaba ndani yake, na mchanganyiko huo unaanza kulainika mapema: sehemu yake huanza kuyeyuka karibu na digrii 780 hadi 800, pale pale enameli inapoiva. Fedha safi inayeyuka kwenye 961, ina nafasi. Shaba nyekundu, 1085, ina nafasi zaidi, ndiyo maana inasamehe mkono wa anayeanza.

Siku ukiitumia hiyo 925, ipashe bila kufika nyekundu angavu, iweke kwenye asidi, isugue kwa brashi laini, urudie mara nne hadi sita mpaka itoke nyeupe isiyo na kivuli cha kijivu. Hapo juu yake pamebaki fedha safi, na rangi angavu zitatulia. Usiipige msasa baada ya hapo, utaondoa ngozi uliyoitengeneza. Na usiunge chochote kwa risasi ya kulehemu kabla ya enameli, ya umeme wala ya bomba. Itayeyuka motoni na kula fedha hadi itoboke.